Kitabu Hiki Kizuri, Hakina Hata Kasoro

Kwa niaba ya Idara ya Maoni ya Wasomaji, nina heshima kuujulisha umma kwamba lile tatizo la msomaji kutojua aseme nini kuhusu kitabu alichokisoma limekwisha. Limekwisha rasmi. Kuanzia tangazo hili, mtu yeyote akimaliza kitabu, au akikiacha katikati, au akikiona tu kwa mbali kwenye kioo cha duka, asijisumbue kutafuta maneno. Maneno yapo. Yameandikwa, yamepitishwa, yamepigwa mhuri, na yanapatikana dirishani kwetu saa za kazi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Afisa Maoni Daraja la Pili. Nalitaja tu kwa ajili ya kumbukumbu.

Wapo wasiojua hali ilivyokuwa kabla ya Idara kuundwa. Ilikuwa vurugu. Msomaji alikuwa anasoma kitabu, kisha anasema chochote kilichomjia kichwani. Mmoja aliandika kwamba alilia kwenye basi mpaka kondakta akamrudishia nauli. Sasa kilio utakiweka faili gani? Mwingine aliandika kwamba sura za katikati zinavuta miguu kama mtu anayekwenda kulipa faini. Mama mmoja alisema amemchukia mume wa kwenye hadithi mpaka akamnunia wa kwake, ambaye hakuwa na kosa lolote siku hiyo. Waandishi walikuwa wanasoma mambo kama hayo na kukosa usingizi, wengine kwa furaha, wengine kwa hasira. Taifa haliwezi kwenda hivyo.

Mkurugenzi wetu, mtu anayependa mstari unyooke, akaleta utaratibu. Maoni yakawa ya madaraja matatu, kila daraja na kadi yake. Maneno ya kadi nilipewa kazi ya kuyatunga mimi, kwa sababu ilijulikana ofisini kwamba mashairi nimejifunza mwenyewe, bila mwalimu, kwa kuhesabu vidole. Daraja la Kwanza linasema: *Kitabu hiki kizuri, hakina hata kasoro.* Daraja la Pili: *Kitabu hiki si haba, kwa mwenye muda chafaa.* Daraja la Tatu: *Kitabu kina kurasa, na zote zina nambari.* Mwenye masikio atasikia kwamba mizani imetimia, nane kwa nane, kadi zote. Hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuligundua hilo, lakini sikufanya kwa ajili ya kusifiwa.

Daraja hupangwa kwa kuangalia kazi ya mwandishi. Viongozi hupata la kwanza. Wastaafu na watu wenye vyeti vya kutundika ukutani hupata la pili. Waliobaki hupata lililobaki. Na afisa anayepanga haruhusiwi kukisoma kitabu chenyewe.

"Mtu aliyesoma kitabu," Mkurugenzi alituambia kwenye semina, "tayari ana upendeleo. Ameshaathirika. Huyo utamwaminije?"

Wote tuliandika. Mwenzangu wa meza ya jirani alipigia mstari neno "ameshaathirika".

Basi mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka shangazi yangu alipoandika kitabu.

Shangazi ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja mtaa wa nyuma ya ofisi yetu, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kona ya kujaribia nguo iliyofungwa kwa pazia la maua. Mchana alikuwa anashona. Kila alipopata nafasi alikuwa anaandika, hatukujua nini. Tulidhani anaandika vipimo. Kumbe anaandika riwaya. Alipoitoa, inaitwa *Gauni la Watu Wawili*, ukoo mzima tulikwenda kupiga picha na jalada.

Siku moja akanitumia ujumbe: njoo. Nikaenda. Alikuwa na pini mdomoni na kadi yangu mkononi.

"Mtoto wa kaka, hebu kaa hapo. Hii ni kazi yako?"

Nikaiangalia. Ilikuwa Daraja la Tatu.

"Ni yangu, shangazi. Umeiona mizani?"

"Nimeona kitabu changu kina kurasa."

"Na zote zina nambari," nikamalizia, kwa sababu kipande cha pili ndicho kinachobeba uzito.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. Nilimjua. Akitoa pini zote, maneno yanakuja.

"Wewe umekisoma?"

"Shangazi! Mimi ni Afisa Maoni."

"Nimekuuliza umekisoma?"

"Hairuhusiwi. Tena wewe ni damu yangu. Ungekuwa mgongano mara mbili."

"Nimekulea kwenye chumba hiki. Ulilala chini ya meza hii. Kitabu changu hukukisoma, lakini umekitolea maoni."

"Hivyo ndivyo tunavyohakikisha haki, shangazi."

Akacheka, lakini hakikuwa kile kicheko chake. Akanieleza. Mchapishaji wake alikuwa amempigia simu. Ghala lake limejaa. Ijumaa lori linakuja kuchukua vitabu ambavyo havina dalili ya kusomwa, vikasagwe vigeuzwe trei za mayai. *Gauni la Watu Wawili* kimo kwenye orodha. Na kitabu chake cha pili, ambacho alikuwa amekimaliza na kukifunga ndani ya gauni la bibi harusi ili kisikunjike, mchapishaji hakitaki mpaka aone kama hiki cha kwanza kilimfikia mtu.

"Nikamwambia, maoni yapo, yamepigwa mhuri. Akanisomea kadi yako kwenye simu. Akanisomea na ya kitabu cha ufugaji wa kuku. Zinafanana. Akasema, mama, nipe maoni ya mtu mmoja tu, mmoja, anayeonyesha kwamba alikifungua. Lakini yawe na mhuri, mimi sitaki faini."

"Wateja wako hawajakisoma?"

"Wamekisoma. Wanagombana humu ndani kila siku. Lakini nani atapiga mhuri ugomvi?"

Kwa kweli hakuna. Nikamweleza hivyo, kwa upole.

"Unajua," akasema, sasa anazungusha gurudumu la cherehani bila kushona chochote, "nguo nikikosea, mtu anaivaa hapo mbele ya kioo ananiambia, fundi, kwapa linabana. Naumia, halafu najua. Kitabu nimekaa nacho miaka, nimekitoa nje, kimya. Sijui kama kinabana. Sijui hata kama kuna mtu amekivaa. Kadi yako inaniambia kina nambari. Nambari nilijua."

Nilirudi ofisini nikiwa nimetulia kabisa. Nilivunja kalamu moja tu.

Wiki iliyotangulia, kwa mpango wa Mungu na wa Idara ya Uchapaji, Mkurugenzi naye alikuwa ametoa kitabu. Diwani ya mashairi, *Mwanga wa Uwajibikaji*, jalada lenye picha yake ameshika kalamu kama mtu anayetaka kumchoma mwenzake sindano. Kadi ya Daraja la Kwanza ilikuwa tayari kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Nakala zilipelekwa kila maktaba, kila shule, na chumba cha kusubiria kwenye kila hospitali, ambako wagonjwa walionekana wakiomba waingie kwa daktari haraka zaidi.

Wiki ya kwanza Mkurugenzi alikuwa anatembea kwenye korido akitabasamu. Wiki iliyofuata akaanza kuuliza maswali.

"Dereva, ulikionaje kitabu changu?"

"Kizuri, Mheshimiwa. Hakina hata kasoro."

"Ndiyo, lakini wewe, wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mheshimiwa, nakiona kizuri. Hakina hata kasoro."

Akamuuliza katibu muhtasi. Akamuuliza mlinzi wa getini, ambaye alisimama wima na kutoa kadi kutoka mfukoni kama anaonyesha kitambulisho. Akampigia simu mkewe nyumbani, mlango ukiwa wazi, na sote tukasikia sauti ya mama ikijibu, "Baba watoto, si nilikwambia jana? Hakina hata kasoro. Rudi na mkate."

Akaniita mimi. Alikuwa amekaa, kitabu kimefunguliwa mbele yake.

"Kijana, wewe unajua mashairi. Niambie kuhusu hili la pale mwanzo. *Uwajibikaji ni nguzo, nguzo ya utekelezaji. Utekelezaji ni chachu, chachu ya uwajibikaji.* Linakugusa wapi?"

Mizani ilikuwa imekufa na kuzikwa, lakini cheo hakipimwi kwa mizani. "Mheshimiwa, sijakisoma. Kanuni ni yako."

"Hata kidogo? Hata kwa bahati mbaya?"

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kanuni."

Akaangalia dirishani. "Nilikesha nacho," akasema, si kwangu. "Sasa sijui kama kuna mtu yuko upande wa pili."

Niliyasikia hayo mara ya pili ndani ya wiki moja, kwa sauti mbili tofauti, na kama afisa niliona ni jambo la kushangaza kwamba watu wawili wasiofahamiana wanaweza kupata ugonjwa mmoja.

Alhamisi suruali mpya ya Mkurugenzi ilionekana ndefu, anaikanyaga. Alikuwa na hafla siku ya pili yake. Akaniuliza kama namjua fundi wa karibu. Mimi nikamtaja niliyemjua. Nasisitiza kwamba sikuwa na nia yoyote. Mtu akitaka fundi, unampeleka kwa fundi.

Shangazi alimpokea kama anavyompokea mtu yeyote. "Karibu, baba. Ingia nyuma ya pazia, ivue, unirushie. Pindo ni kazi ya dakika chache."

Hakumtambua. Picha ya jalada ilikuwa ya zamani, ya siku za nywele. Mkurugenzi akaingia nyuma ya pazia la maua, suruali ikarushwa juu, shangazi akaidaka na kuketi. Mimi nikabaki mlangoni. Wakati huo wakaingia wateja wawili: msusi wa saluni ya jirani, ambaye mtaani wanamwita Redio, na nesi mmoja mpole aliyekuja kuchukua sare zake. Walilipa pazia mgongo, kwa hiyo hawakujua kuna mtu.

"Fundi," akaanza Redio kabla hajakaa, "mimi na wewe tuna kesi. Nimemaliza kitabu jana. Yule dada mkubwa nikimkuta njiani nampiga!"

"Usianze," akasema nesi.

"Naanza! Gauni moja la heshima nyumba nzima. Mkubwa ana usaili wa kazi, mdogo ana majaribio ya kuimba, siku moja, saa moja. Wamekubaliana watapiga kura asubuhi. Mwenzake anaamka, gauni hakuna! Limeondoka alfajiri na mwenyewe ndani! Huyo ni dada au ni mwizi?"

"Na kazi akaipata," akasema nesi. "Nani alilisha nyumba? Nani alimsomesha huyo mdogo? Wewe unataka waimbe, halafu wale nyimbo?"

"Angeomba!"

"Angeomba angenyimwa."

"Ndiyo maana ya kuomba!"

"Mimi ni mkubwa kwetu," nesi akasema, na sauti ikabadilika kidogo. "Nililisoma lile la kuvaa gauni gizani, anafunga vifungo kwa kupapasa ili mdogo wake asisikie. Fundi, pale uliniumiza. Nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu."

Shangazi alikuwa ameinamia suruali ya Mkurugenzi, mguu haujabonyeza chochote. "Sehemu gani nyingine?" akauliza, polepole sana, kama mtu anayejaribu asimfukuze ndege.

"Mwisho umekimbia," Redio akasema. "Mwisho nakudai. Umechoka ukaukata kama uzi."

"Nilichoka," shangazi akakubali, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Kweli nilichoka pale. Nilijua kuna mtu ataniona."

Kama Afisa Maoni nilikuwa nashuhudia makosa matatu ya wazi: maoni bila kadi, maoni baada ya kusoma, na machozi. Nilikuwa natafuta kalamu niandike taarifa, ndipo pazia lilipofunguka.

Mkurugenzi alikuwa amejifunga kipande cha kitambaa cha sare za nesi kiunoni. Shati, tai, miwani, na chini miguu mitupu.

"Samahani, kina mama," akasema. "Vitabu vingine mnasoma?"

Redio alimwangalia kuanzia juu, akaishia kwenye magoti. "Tunasoma, baba. Tunasoma sana."

"Kile cha *Mwanga wa Uwajibikaji*?"

"Aa, kile cha mtu na kalamu! Kipo pale saluni. Kizuri, hakina hata kasoro."

"Ulipenda shairi gani?"

"Kuna mashairi?"

Nesi akaangalia pembeni kwa ile heshima wanayofundishwa hospitalini. Nami nikaona ni wajibu wangu kumtambulisha.

"Huyu," nikasema, "ndiye Mkurugenzi wa Idara ya Maoni ya Wasomaji. Mwenye kitabu."

"Uuuwi," akasema Redio, akakaa.

Kwa mujibu wa kanuni, hapo chumba kilitakiwa kufungwa, vitabu kukusanywa, na wahusika kupelekwa semina. Nilimwangalia Mkurugenzi nikisubiri agizo. Yeye alikuwa anamwangalia shangazi.

"Mama," akasema, "hawa wanakusema hivi kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Wanakudai mwisho. Wanataka kumpiga mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo."

"Na mimi nina kadi nyingi mno." Akakaza kitambaa kiunoni. "Nisomee changu. Nakuomba. Wewe unajua kuandika, nisomee, uniambie."

Shangazi alikata uzi kwa meno. Sikuwahi kumwona hana haraka kama siku ile, na lori lilikuwa linakuja kesho yake.

"Nitakisoma," akasema. "Chote. Lakini nitasema nilichokiona, si kilicho kwenye kadi. Na wewe leo hii usome changu. Useme ulichokiona, uandike, ugonge mhuri wako, karatasi imfikie mchapishaji wangu kesho kabla lori halijaondoka."

"Mheshimiwa," nikanong'ona, "kanuni inasema aliyesoma ameshaathirika."

"Kijana," akasema Mkurugenzi, "nipe suruali yangu."

Mchana ule shughuli za Idara zilisimama. Mkurugenzi alifunga mlango na kitabu cha shangazi. Alitoa kichwa mara moja tu, kuuliza kama ni lazima kuanzia mwanzo. Watu walikuja na mafaili, na katibu muhtasi, ambaye hajui kusema uongo, akawaambia Mheshimiwa yuko ndani na dada wawili, asisumbuliwe. Habari hiyo ilimfikia mkewe kabla ya saa kumi. Akaja mwenyewe, kavaa viatu vya kufokea, akafungua mlango kwa kishindo. Alimkuta mumewe amevua miwani, anafuta macho kwa tai.

"Ameondoka na gauni," Mkurugenzi akamwambia. "Mama watoto, ameondoka nalo!"

Mama akatazama huku na huku, akavuta kiti. "Nani? Anza mwanzo."

Maoni yenyewe yalimshinda kwanza. Karatasi ya kwanza aliyonipa nimpelekee shangazi ilisema kitabu ni kizuri, hakina hata kasoro. Shangazi aliisoma, akanirudishia. "Mwambie hii nguo si yake. Avae yake." Ya pili ilisema kitabu kinachangia juhudi za wadau katika sekta ya mavazi. Hiyo hata hakuimaliza. Asubuhi ya Ijumaa nikamkuta Mkurugenzi mezani, shati la jana, na karatasi ya tatu. Niliinakili kwenye kumbukumbu za ofisi, nayo hii hapa:

"Nimekikasirikia kitabu hiki. Mwandishi anamtetea dada mkubwa, anatuonyesha jinsi alivyofunga vifungo gizani ili tumwonee huruma. Mimi ni mtoto wa pili. Kwetu palikuwa na viatu vya shule vya jozi moja, na kaka alikuwa anaamka mapema. Kaka leo ni mtu mzuri na amenisaidia sana. Hajawahi kuniambia pole. Nilipofika pale mdogo anaposimama mbele ya kabati tupu, nilifunga kitabu, nikakifungua, nikafunga tena. Mwisho umeharakishwa. Nilitaka wakutane, waambiane. Asiye mkubwa kwao akisome. Aliye mkubwa naye akisome, aone."

Hapakuwa na mizani hata mstari mmoja. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kisha, kwa madhumuni ya uhakiki wa kiofisi tu, nilichukua kitabu cha shangazi kutoka mezani kwa Mkurugenzi na kukitia kwapani.

Ghala lilikuwa limefunguliwa nilipofika. Vitabu vilikuwa vinapakiwa, na dereva wa lori alikuwa anakula chungwa juu ya rundo la vitabu vya ufugaji wa kuku. Mchapishaji, mtu mnene mwenye kalamu masikioni mbili, kila sikio na yake, aliipokea karatasi kama anavyopokea bili. Akasoma. Akatoa kalamu moja sikioni. Akasoma tena.

"Huyu hajamwelewa dada mkubwa hata kidogo!" akasema.

"Nimemwelewa sana," akasema Mkurugenzi nyuma yangu. Sikujua kwamba amenifuata.

"Humwelewi, bwana. Angebaki, wangekula nini?"

"Angeomba!"

"Angeomba angenyimwa!"

Walibishana mpaka dereva wa lori akashuka kuuliza ni gauni gani hilo, na kwa nini wasingelishona la pili. Mchapishaji akamtupia nakala. "Soma, ndiyo utajua." Kisha akageukia wapakiaji. "Hivi vya gauni teremsheni. Teremsheni vyote. Na mtu amwambie yule mama aniletee cha pili, na mwisho wa hiki auangalie upya, watu wanalalamika."

Jumatatu karatasi ya Mkurugenzi ilibandikwa kwenye kioo cha saluni. Jioni ilikuwa imejibiwa na karatasi nyingine pembeni yake, nyingi zikisema huyu mtoto wa pili aache kujihurumia, mbili zikimwuliza kaka yake yuko wapi wamshike. Kwa kuwa mhuri wa Idara ulikuwa umeshagonga maoni ya mtu aliyesoma, hatukuwa na namna ya kuwazuia wengine. Watu walianza kuja dirishani kwetu si kuchukua kadi, bali kuleta karatasi zao. Wengine walikuwa wamesoma kitabu cha ufugaji wa kuku na walikuwa na hasira ya kweli kuhusu sura ya vifaranga. Idara imeunda kamati ya kulishughulikia jambo hili. Kamati haijakutana kwa sababu wajumbe wanasoma.

Kuhusu *Mwanga wa Uwajibikaji*, hakuna aliyeleta chochote. Mkurugenzi alikuwa anashuka dirishani mwenyewe, asubuhi na mchana, anapekua rundo, anapanda ngazi. Hakuuliza mtu tena. Kadi zote za Daraja la Kwanza zilizokuwa mezani kwake alinirudishia, akaniambia nitazame kama upande wa nyuma unaandikika.

Shangazi alichukua muda. Alikuwa anashona mchana, anarekebisha mwisho wa kitabu chake, na huku anasoma cha mwenzake, kwa sababu aliahidi. Nilimkuta siku moja amekilaza juu ya meza ya kukatia, amekipiga pini kurasa ili asipotee.

"Vipi, shangazi?"

"Nimemwahidi nitafika mwisho. Nitafika."

Alipofika aliandika, akaikunja karatasi, akanipa niipeleke. Niliipeleka mkononi. Mkurugenzi alikuwa kwenye korido na Naibu wake, na hakusubiri kuingia ofisini. Akaikunjua palepale. Naibu akasoma juu ya bega lake, na kwa kuwa Naibu husoma kwa sauti, sote tukasikia:

"Nimekisoma chote, ukurasa kwa ukurasa. Maneno ni mengi, lakini nimetafuta mtu ndani yake sikumwona. Shairi la nguzo na chachu linazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, na halilali. Mwandishi huyu ana jambo la kusema, nina ushahidi, ila hakuliweka humu. Hiki akiache. Akae chini aandike cha yule mtoto aliyebaki nyumbani bila viatu. Hicho nitakinunua kwa fedha yangu."

Korido yote ilisimama. Katibu muhtasi alifunga macho. Naibu, mtu mwaminifu, akashusha sauti.

"Mheshimiwa, nimwite mwanasheria? Huyu mama anakutukana."

Mkurugenzi alikuwa anarudia mstari wa kwanza, midomo inatembea, na masikio yamemwiva kama ya mtoto aliyeitwa jina lake mbele ya darasa.

"Ananitukana," akasema. "Lakini hebu soma vizuri, Naibu. Natukanwa na mtu aliyenisoma!"

Akashuka ngazi na karatasi yake mkononi, kwenda kumwonyesha dereva.